Shajara ya Mradi: Samaki wa Rojo la Ukwaju kwa Jioni za Siku za Kazi

Januari: lengo na mipaka ya kazi

Lengo la mradi huu ni kuandaa nyumbani, katika jioni ya siku ya kazi, chakula cha samaki aliyepakwa rojo linalong'aa, lenye utamu, uchachu na chumvi kwa pamoja, ndani ya nusu saa tangu jiko linapowashwa hadi sahani zinapofika mezani. Jiko lililopo ni la gesi lenye sehemu mbili za moto. Ovena hatuna, na jiko la mkaa, ingawa ndilo linalompa samaki ladha nzuri kuliko yote, linahitaji muda wa kukolea ambao peke yake humeza nusu saa nzima. Walaji ni wanne, na wawili kati yao ni watoto wasiotaka kusikia habari ya miiba.

Nimechagua rojo la kupaka badala ya mchuzi au samaki wa kukaanga kwa sababu ya utendaji tu. Mchuzi unadai vitunguu viive, nyanya zikauke maji na tui lichemke taratibu bila kukatika. Samaki wa kukaanga anadai mafuta mengi, na sisi tunaoishi katika nyumba za ghorofa tunaijua harufu inayobaki kwenye mapazia hadi asubuhi. Rojo linaweza kupikwa Jumapili, likawekwa kwenye chupa ndani ya jokofu, likasubiri. Siku ya kazi inabaki shughuli ya samaki peke yake, na samaki ni miongoni mwa nyama zinazoiva upesi kabisa.

Mfano wa kuanzia haukuwa mbali. Samaki wa kupaka wa pwani yetu, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga na Unguja, huchomwa kwanza juu ya mkaa mpaka akaribie kuiva, ndipo hupakwa tui zito lililopikwa na ukwaju, pilipili, kitunguu saumu na tangawizi, akageuzwa na kupakwa tena mpaka tui lishike. Wajapani nao, katika pishi lao la teriyaki, hupaka mchanganyiko wa sosi ya soya, sukari na mirin, ambayo ni pombe tamu ya mchele, wakati samaki au nyama inapokaribia kuiva. Watu hawa wawili walio mbalimbali wamefuata utaratibu ule ule: moto humshughulikia samaki kwanza, rojo hufuata. Mapishi mengi ya haraka yanayosambazwa siku hizi huagiza kinyume chake, yaani samaki alowekwe katika asali na sosi, kisha atiwe kikaangoni pamoja na sukari yake yote. Shajara hii inalenga kuupima utaratibu wa kale dhidi ya ule wa haraka, kwa vyombo vya jikoni ya kawaida.

Januari, kuelekea mwisho: kumchagua samaki

Kaskazi ingali inavuma, bahari ni tulivu kuliko itakavyokuwa wakati wa kusi, na soko la Feri hapa Dar es Salaam lina samaki wa kuchagua. Changu ni mtamu, lakini huuzwa mzima, hudai kuparwa magamba na kutumbuliwa, na miiba yake haiendani na sharti la watoto. Tasi ni mdogo mno kwa kazi hii. Kabla ngozi haijapata rangi, nyama imekwisha kukauka. Jodari hana miiba katika steki zake, ila nyama yake ina mafuta machache na haivumilii hata dakika moja ya ziada. Kwa hiyo nimeanza na nguru, ambaye hukatwa steki za mviringo zenye mfupa mmoja wa katikati unaoonekana waziwazi, na ambaye nyama yake ni ngumu kiasi cha kugeuzwa bila kuvunjika.

Unene wa steki ni jambo kubwa kuliko nilivyotarajia. Wauzaji wengi hukata nyembamba, kwa kuwa wanunuzi wengi wanataka vipande vingi kwa kilo.

"Mama, naomba unikatie steki za unene wa kidole gumba, na zilingane," nilimwambia muuzaji.

"Mwanangu, hizo zitakuwa chache. Nikukatie nyembamba, watu wako washibe."

"Hizo chache zinatosha, mama. Nyembamba zinakauka kabla sijazipaka."

Alikubali, akakata, na akaniongezea kichwa kwa ajili ya supu. Steki ya sentimita 2 inatoa muda wa kutosha kwa uso kupata rangi huku katikati kukiwa bado na unyevu. Ya sentimita 1 haitoi muda huo hata moto ukiwa mkali kiasi gani.

Jambo moja la usalama lazima liandikwe hapa. Nguru, jodari na vibua ni wa ukoo mmoja, na nyama yao ina kwa wingi histidini, mojawapo ya vijenzi vya protini. Wakikaa kwenye joto, bakteria huigeuza kuwa histamini, ambayo haiondolewi na kupika wala kugandisha. Anayeila huweza kuwashwa mwili, kuwa mwekundu usoni na kuumwa kichwa muda mfupi baada ya chakula, na aghalabu husema kwamba samaki "amemkataa", ilhali tatizo lilianzia njiani. Samaki anayenunuliwa asubuhi na kubebwa kwenye mfuko mtupu hadi jioni, katika joto la Dar es Salaam, hafai kwa mradi huu wala kwa mwingine wowote. Sanduku dogo lenye barafu limeingizwa katika orodha ya vifaa, na ununuzi umehamishiwa Jumamosi asubuhi: sehemu ya kuliwa siku mbili za mwanzo huwekwa katika jokofu, nyingine hugandishwa zikiwa zimetenganishwa steki kwa steki.

Februari: rojo lenyewe

Vipimo vinavyotumika sasa ni hivi. Gramu 80 za ukwaju hulowekwa katika mililita 300 za maji ya moto kwa robo saa, hukamuliwa kwa mkono na kuchujwa. Maji hayo mazito hutiwa kwenye sufuria pamoja na gramu 120 za sukari guru iliyokwanguliwa, vijiko 3 vya mezani vya sosi ya soya, kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole kilichokunwa, na punje nne za kitunguu saumu zilizopondwa. Pilipili mbuzi moja huelea juu ikiwa nzima, bila kupasuliwa, na hutolewa mwishoni, kwa hiyo rojo hupata harufu yake na watoto hawalalamiki. Mchanganyiko huchemka kwa moto mdogo mpaka ubaki karibu nusu. Kiasi hicho kinatosha milo mitatu.

Ukwaju umeshinda ndimu na siki kwa sababu inayoeleweka. Uchachu wake unatokana hasa na asidi ya tatariki, ambayo hubaki sufuriani maji yanapopungua, na hivyo hukolea pamoja na sukari bila kuiacha itawale. Uchachu wa siki kwa sehemu huondoka na mvuke. Harufu ya ndimu, ambayo ndiyo uzuri wake, hupotea ikichemshwa. Kwa hiyo ndimu imepewa nafasi nyingine, ya kukamuliwa mezani.

Chumvi inahitaji tahadhari. Kijiko kimoja cha mezani cha sosi ya soya kina zaidi ya gramu 2 za chumvi, na rojo likipungua nusu chumvi hiyo haipungui. Anayeonja mwanzoni huona kama hakuna ladha na kushawishika kuongeza. Kanuni iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chupa ni kwamba chumvi haiongezwi kamwe kwenye rojo. Kama inahitajika, huwekwa kwenye samaki.

Uzito nao una hila yake, kwa kuwa rojo la sukari huonekana jepesi likiwa la moto na huwa zito likipoa. Kipimo kinachoaminika ni kuchovya mgongo wa kijiko, kupitisha kidole katikati, na kutazama kama mfereji unaobaki unajifunga upesi. Ukijifunga mara moja, rojo bado; ukibaki wazi kwa muda wa pumzi mbili au tatu, sufuria iepuliwe. Nimeliacha kabisa shauri la kutumia wanga wa mahindi, ambao huleta uzito haraka lakini hutoa mng'ao hafifu, kama wa mchuzi wa jana, na huacha ladha ya unga iwapo haukuchemka vya kutosha.

Asali nayo imejaribiwa mahali pa sukari guru, na ilikuwa asali nzuri ya Tabora, nyeusi na yenye harufu ya miombo. Ladha ilikuwa bora. Shida ni moto: sukari ya kawaida huanza kugeuka karameli karibu na nyuzi 160 za Selsiasi, lakini fruktosi, aina ya sukari iliyo nyingi katika asali, huanza karibu na nyuzi 110, kwa hiyo rojo la asali linapita kutoka wekundu mzuri hadi weusi mchungu kabla mpishi hajageuka kuchukua sahani. Uamuzi wa sasa ni sukari guru kwa mwili wa rojo na kijiko kimoja cha asali kinachokorogwa baada ya kuepua.

Machi: kikaango

Mwezi huu wote umekwenda kwenye dakika nane za kikaangoni, na nadhani ndizo zenye mradi wenyewe.

Utaratibu wa haraka ulipimwa kwa haki. Steki zilizolowekwa katika rojo kwa nusu saa na kutiwa katika kikaango chenye moto zilifanya mambo mawili kwa wakati mmoja: zilitoa maji mengi, zikawa zinachemka badala ya kukaangika, na sukari iliyodondoka pembeni ikaungua hadi moshi ukajaa jikoni. Nje kulikuwa na weusi, chini yake weupe uliolegea, na rojo lililobaki lilikuwa limechanganyika na utomvu wa samaki. Kulowekwa huko hakukuingiza ladha ndani kama inavyodhaniwa, maana katika nusu saa ladha haivuki sana uso wa nyama. Kilichofika ndani kidogo ni asidi, nayo iliufanya uso wa nyama uwe kama chaki.

Sababu yake inaelezeka kwa maji. Uso wa samaki ukiwa umelowa, joto lake haliwezi kuzidi nyuzi 100, kwa kuwa nguvu yote ya moto inakwenda kuyageuza maji kuwa mvuke. Rangi ya hudhurungi na harufu ya kuchoma hutokea kwa kasi kuanzia karibu na nyuzi 140. Rojo hufuata sheria hiyo hiyo kwa upande wa pili: likiwa na maji ni salama, lakini maji yakiisha joto lake hupanda mara moja kuelekea kiwango cha kuungua. Samaki anahitaji kukauka mapema, na rojo linahitaji kukauka kwa kuchelewa. Vitu viwili vyenye mahitaji yanayopingana hivyo haviwezi kuanza safari pamoja.

Utaratibu uliopatikana basi ni huu. Steki hukaushwa kwa kitambaa safi pande zote mpaka kitambaa kisilowe tena. Kikaango chenye utando usioshika chakula hupashwa kwa moto wa wastani pamoja na kijiko kimoja na nusu cha mafuta, na steki huwekwa bila kusongamana. Zikisongamana mvuke hauna pa kutokea. Upande wa kwanza hukaa dakika tatu na nusu hadi nne bila kuguswa, na subira hiyo ni muhimu, kwani samaki ambaye hajashika rangi hung'ang'ania chombo, na aliyeshika hujiachilia mwenyewe. Upande wa pili hukaa dakika mbili na nusu. Ndipo moto hupunguzwa, mafuta yaliyozidi hufutwa, na vijiko vinne vya rojo humiminwa pembeni mwa kikaango, si juu ya samaki. Rojo likianza kutoa mapovu makubwa, huchotwa kwa kijiko na kumwagiwa samaki mara kwa mara kwa dakika moja hadi moja na nusu, kisha steki hugeuzwa mara moja zaidi na kuepuliwa. Mapovu ndiyo saa ya mpishi: yakiwa madogo na mepesi, maji bado yapo, yakiwa makubwa, mazito na ya polepole, maji yanakaribia kwisha, na kijiko kimoja cha maji ya kawaida hurudisha usalama papo hapo.

Kanuni ya zamani ya dakika 10 kwa kila sentimita 2.5 za unene imekubaliana na vipimo hivi: steki ya sentimita 2 inadai dakika nane, na dakika hizo zinahesabiwa pamoja na muda wa kupaka. Kwa mwenye kipimajoto, nyuzi 63 katikati ya nyama ndicho kiwango kinachoelekezwa na mamlaka za chakula za Marekani. Asiye nacho apenyeze ncha ya kisu karibu na mfupa; nyama ikiachana na mfupa kwa shida kidogo tu, na ikiwa haionyeshi tena ndani kama kioo, samaki ameiva.

Maji ya chumvi yaliongezwa mwishoni mwa mwezi. Gramu 50 za chumvi katika lita moja ya maji baridi, samaki akazama humo dakika kumi, kisha akakaushwa. Faida yake ya kwanza ni kwamba ule utomvu mweupe unaoganda pembeni mwa steki, ambao ni protini inayosukumwa nje nyama inapojikunja, hupungua sana, na rojo hushika juu ya uso safi. Faida ya pili ni ladha. Muda usizidi robo saa, la sivyo pamoja na sosi ya soya chumvi inakuwa kero.

Aprili: mpangilio wa nusu saa

Masika yameanza na foleni zimekuwa ndefu zaidi, kwa hiyo jioni zimekuwa fupi. Mchele ndio unaotawala ratiba, maana unachukua zaidi ya dakika ishirini na hauharakishwi. Unaoshwa na kuwekwa motoni kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya kubadilisha nguo za kazini. Wakati unachemka, samaki aliyekwisha kuyeyushwa barafu ndani ya jokofu tangu usiku uliopita huzamishwa katika maji ya chumvi, na mchicha huchambuliwa. Wali ukishafunikwa kwa moto mdogo, samaki hukaushwa na kikaango huwashwa kwenye sehemu ya pili. Wali huepuliwa ukiwa bado umefunikwa, mchicha huchukua nafasi yake kwa dakika nne pamoja na kitunguu na chumvi kidogo, na samaki humalizia. Siku za ugali mpangilio hugeuka: samaki hutangulia, kwa kuwa ugali haupendi kusubiri.

Jioni ambazo samaki hakuyeyushwa usiku, mfuko uliofungwa vizuri huzamishwa katika maji baridi. Minofu myembamba huwa tayari ndani ya nusu saa au zaidi kidogo, ila steki za nguru hazifiki, na jioni hiyo ni afadhali kula mayai.

Rojo la kutumika huchotwa kwanza katika bakuli, na kijiko kilichomgusa samaki hakirudi kwenye chupa. Katika jokofu chupa hukaa hadi wiki mbili. Kikaango hutiwa maji ya moto mara tu samaki anapotoka, kabla ya kukaa mezani. Sukari iliyoganda huyeyuka yenyewe wakati wa chakula, na anayeosha vyombo hana kazi.

Mei: pishi mikononi mwa mtu mwingine

Maelekezo yasiyoweza kufuatwa na mtu mwingine hayajakamilika, kwa hiyo mdogo wangu, ambaye hufika nyumbani mapema kuliko mimi, alikabidhiwa karatasi na kuachwa peke yake. Alinipigia simu nikiwa bado kituoni.

"Dada, samaki ameshika rangi nzuri, lakini rojo limekuwa kama gundi. Karatasi inasema likiwa zito."

"Ongeza kijiko kimoja cha maji, punguza moto, kisha mmwagie."

"Limerudi. Basi andika hivyo, dada, maana 'zito' ya kwako si ya kwangu."

Karatasi imeandikwa upya. Neno hilo limefutwa kila lilipotokea, na mahali pake pana ukubwa wa mapovu na jaribio la mfereji juu ya kijiko. Vilevile imeongezwa amri ya kuweka kikombe cha maji kando ya jiko kabla ya kuanza. Tangu hapo amepika bila kupiga simu, na wali wake, lazima nikiri, huwa mkavu na kuchambuka kuliko wangu.

Juni: kusi, sangara na vibua

Kusi limekolea, vyombo vidogo haviendi mbali, na bei ya nguru imepanda kiasi cha kumfanya awe samaki wa Ijumaa. Mbadala wa kwanza ni minofu ya sangara kutoka Mwanza. Haina miiba, jambo lililowafurahisha watoto, na ni minene upande mmoja na myembamba upande mwingine, jambo linaloharibu hesabu ya dakika. Mkia hukatwa na kutiwa kikaangoni dakika tatu baada ya sehemu nene kuanza. Nyama yake ni laini kuliko ya nguru na ladha yake ni tulivu, kwa hiyo rojo hutawala. Tangawizi imeongezwa na sukari imepunguzwa hadi gramu 100.

Vibua wamekuwa jambo la kushangaza kwa bei yao. Mafuta waliyonayo yanastahimili moto na yanaupenda uchachu, na ngozi yao nyembamba, ikitangulizwa chini kwenye kikaango, huwa kavu na yenye kukwaruza vizuri chini ya rojo. Kwa ladha peke yake ningewaweka juu ya sangara. Kazi ya kutoa mfupa wa mgongo na kuwapasua wawe bapa inachukua muda ambao ratiba ya nusu saa haina, kwa hiyo kwa sasa kazi hiyo inafanywa Jumamosi, wakati ule ule wa kukata na kugandisha.

Yanayofuata ni mawili. Sato hajapimwa bado, na ngozi yake nene inaweza kudai kuchanjwa mistari ili isijikunje kikaangoni. La pili ni kurudisha tui katika rojo, kama ilivyo kwa samaki wa kupaka mwenyewe, maana chupa ya jokofuni haina nazi na mdogo wangu ameshauliza sababu. Tui halikai wiki mbili, kwa hiyo shauri lililopo ni kutia vijiko viwili vya tui zito kikaangoni dakika ile ile ya mapovu, badala ya kile kijiko cha maji. Majaribio yataanza na vibua waliobaki kwenye friza.